Sauti Zilizowekwa kwa Muda: Kazi ya KMRU na Hifadhi ya Tervuren

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuuliza maswali matatu mbele ya wimbo: nani ameuimba, mbele ya nani, na maneno yake yana maana gani. Swali la nne, yaani wimbo huo umefikaje masikioni mwa mtafiti, huulizwa kwa nadra, kana kwamba kinasa sauti ni dirisha lililo wazi na mkono ulioushika haukuwa na nia wala mshahara. Kazi ya Joseph Kamaru, mwanamuziki wa Kenya ajulikanaye kwa herufi nne za KMRU, inaanzia kwenye swali hilo la nne. Haina mashairi, haina mdundo wa kuchezwa, na mara nyingi haina lugha yoyote. Hata hivyo, mwaka 2022 ilifika mahali ambapo hakuna msomaji wa Kongo awezaye kupita bila kusimama: kwenye rafu za sauti za Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati, huko Tervuren, karibu na Bruxelles.

KMRU alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Utoto wake aliuanzia katika mtaa wa Kariokor wenye makelele ya soko na magari, kisha akakulia Rongai, nje kidogo ya jiji, ambako kimya kilimfanya ayasikie yale ambayo mjini hayasikiki. Jina lake ni la babu yake, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, na jina hilo ni mzigo. Joseph Kamaru wa kwanza, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa lugha ya Kikuyu. Wimbo wake Ndari ya Mwarimu wa miaka ya 1960 uliwakasirisha walimu kwa kuwa uliwataja wale waliowaandama wanafunzi wao wa kike. Na baada ya mauaji ya mwanasiasa J. M. Kariuki mwaka 1975 aliimba maombolezo ambayo redio ya serikali haikuyataka. Babu alikuwa mtu wa neno. Kila ubeti wake ulikuwa na mtu wa kuuelewa na mtu wa kuuogopa. Mjukuu amezichapisha upya kazi za babu kwa wasikilizaji wa leo, na mwaka 2021 mkusanyo uitwao Heavy Combination 1966–2007 ulitolewa Uingereza. Lakini katika utunzi wake mwenyewe amechagua njia isiyo na neno.

Mhakiki asiharakishe kuona hapo usaliti. Utunzi wa sauti zilizonaswa una mizizi katika bara hili kuliko vitabu vingi vinavyokiri. Mwaka 1944, Halim El-Dabh alibeba kinasa sauti cha waya mjini Cairo, akanasa ngoma ya zaar, kisha akaichuja na kuibadilisha hadi sauti za wanawake zikabaki kama mwangwi usio na mwili. Ilikuwa miaka minne kabla ya majaribio ya Pierre Schaeffer katika redio ya Paris. Muziki wa kutanda, unaoijaza nafasi badala ya kusimulia, ulipata jina na nadharia yake kwa Brian Eno mwaka 1978, aliyetaka muziki uwezao kupuuzwa sawa na uwezavyo kusikilizwa. KMRU amerithi pande zote mbili, ila kwa Eno hakubakia. Muziki wake haukubali kupuuzwa.

Albamu iliyomtangaza ni Peel, iliyotoka mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego, iliyoongozwa na Peter Rehberg hadi kifo chake mwaka 2021. Ulikuwa mwaka wa milango kufungwa duniani kote, na wengi waliipokea kama faraja ya karantini. Upokezi huo uliipunguza. Kipande cha kwanza kinaitwa kwa swali, Why Are You Here, na swali hilo la kumuuliza mtu amefuata nini hapa halina upole wowote: ndilo aulizwalo mgeni mpakani, ndilo aulizwalo pia mnasaji wa sauti anapoingia kijijini na chombo chake. Kipande cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika ishirini. Mvumo unapanda polepole kama ukungu wa alfajiri. Ndani yake zimo sauti za mahali halisi, lakini zimekwanguliwa hadi msikilizaji ajue tu kwamba palikuwa na mahali. Jina lenyewe lina maana ya kubambua ganda. Hakuna tukio. Sikio lililozoea mwanzo, kilele na mwisho hulalamika kwa dakika tano za mwanzo, kisha huanza kufanya kazi.

Albamu nyingine za kipindi hicho, Jar na Opaquer za mwaka 2020 na Logue ya mwaka 2021, hazihitaji maelezo marefu. Zina uzuri wake, na Logue hasa, iliyokusanya vipande vya miaka iliyotangulia, yaonyesha kijana ambaye bado alipenda kumpa msikilizaji kitu cha kushika. Lililo muhimu ni kuhamia kwake Berlin, alikosoma sanaa za sauti katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha mji huo. Tangu hapo giza likaongezeka. Limen ya mwaka 2022, aliyoifanya pamoja na Aho Ssan, msanii wa Paris, ni kazi ya maporomoko: mvumo unapasuka, unachafuka, unaunguruma kama jengo linalobomolewa na kujengwa kwa wakati mmoja. Aliyedhani KMRU ni mtunzi wa utulivu alikosa pa kushika.

Mwaka huo huo ilitoka Temporary Stored. Jina lake, yaani kuwekwa ghalani kwa muda, limetoka katika msamiati wa mabohari na makumbusho. Ndipo neno lililofukuzwa linaporudi, tena kwa kinyume: ni jina la kejeli.

Jumba la Tervuren lina asili yake katika maonyesho ya mwaka 1897, wakati Leopold II alipowaleta Wakongomani 267 waonyeshwe kwa umati wa Wabelgiji. Saba kati yao walifia huko. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1910. Muda mfupi baadaye Armand Hutereau, katika safari yake ya kaskazini mwa Kongo ya miaka 1911 hadi 1913, alinasa nyimbo kwa silinda za nta, na baada yake wakafuata maofisa, wamisionari na wanaethnolojia na vyombo vya kila zama. Hifadhi ya sauti iliyokusanywa hivyo imekuwa miongoni mwa kubwa kabisa za Afrika ya Kati, na katika miaka ya 2000 sehemu kubwa yake iligeuzwa kuwa ya kidijitali. Katika rekodi za aina hiyo mkusanyaji huwa na jina kamili na cheo. Mwimbaji, mara nyingi, ana kabila tu.

Jumba lilifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018, katika msimu ule ule ambapo ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy ilikuwa imeuliza Ufaransa swali la kurudisha. Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, akaikabidhi kwa makumbusho ya taifa kama mkopo usio na kikomo. Mwenye mali kukopeshwa mali yake! Muda mfupi baadaye bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kuwezesha urejeshaji wa vitu vya enzi ya ukoloni. Lakini barakoa ina uzito, hufungwa sandukuni, hupandishwa ndege. Sauti hunakiliwa, na nakala inapotoka chimbuko hubaki. Kurudisha sauti ni kurudisha nini? Silinda ya nta? Faili? Haki ya kuamua nani aisikilize? Temporary Stored inaishi ndani ya tatizo hilo bila kujifanya imelitatua.

Mbinu yake ni hii. Rekodi za hifadhi zimewekwa ndani ya mvumo wa kielektroniki pamoja na sauti nyingine alizozinasa mtunzi mwenyewe. Vipande vya nyimbo, sauti za watu na vyombo vinajitokeza, vinakaribia kufahamika, kisha vinarudi chini. Mikwaruzo ya chombo cha kale haikusafishwa. Hilo ni la busara, kwa sababu mkwaruzo ndio sahihi ya pekee ya mnasaji: kila usikikapo, msikilizaji anakumbushwa kwamba palikuwa na mashine chumbani na mtu wa kuizungusha. Mabomba mengi ya sauti za Kiafrika yaliyochanganywa na mdundo wa disko huko Ulaya tangu miaka ya 1980 yamefanya kinyume chake. Yameisafisha sauti ya mwimbaji asiyejulikana hadi iwe mapambo. KMRU hakuuza mapambo.

Bado kuna shauri ambalo wahakiki wa Ulaya hawakuliweka mezani, na ambalo msomaji wa Kiswahili lazima aliweke. Nyimbo zilizonaswa zilikuwa na maneno. Mtu alitunga, akapanga, akachagua tashbihi, akamsema jirani au mkuu wa wilaya, au akambembeleza mtoto. Mvumo unapoyafunika maneno hayo hadi yawe hulka tu ya sauti, je, mwimbaji hanyamazishwi mara ya pili? Mara ya kwanza alinyimwa jina. Mara hii ananyimwa kauli. Mtetezi wa KMRU atajibu kwa hoja ya Édouard Glissant, aliyedai mwaka 1990 haki ya kutokupenyeka, yaani haki ya mtu ya kutofafanuliwa mbele ya mwenye kumtazama. Watu walioonyeshwa Tervuren mwaka 1897 walihitaji kufichwa kuliko kufasiriwa. Kumfunika mwimbaji kwa ukungu basi ni kumvika nguo.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina upande mmoja. Haki ya kutokupenyeka ni ya mwenye sauti, na mwenye sauti hakuulizwa, wala mwaka 1912 wala mwaka 2022. Tena ukungu unamficha mwimbaji kwa watu wote kwa usawa: kwa mtalii wa Bruxelles na kwa mjukuu wa mwimbaji kule Uele. Mtalii hapotezi kitu. Mjukuu anapoteza.

Mifano miwili kutoka Lubumbashi inasaidia kupima. Sammy Baloji, katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006, alikata picha za kale za wafanyakazi na wakoloni na kuzibandika juu ya picha mpya za magofu ya Gécamines. Ukingo wa mkasi unaonekana. Mtu wa zamani amesimama wima, uso wake ukiwa wazi, mbele ya karakana iliyokufa, na mtazamaji anaweza kumhesabu. Mwaka 2011 Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza waliingia katika makusanyo ya Tervuren yenyewe kwa maonyesho ya Congo Far West, na huko pia njia yao ilikuwa kuweka wazi mishono. Baloji hukata, KMRU huyeyusha. Ukataji humwacha mtu mzima. Uyeyushaji humwacha msikilizaji na majonzi, na majonzi, yakikosa mlengwa, huweza kugeuka starehe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na taaluma ya lugha. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, iliyochapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, ilikuwa karatasi za Kiswahili zisizosomeka kwa urahisi: maneno yamekatwa na kuunganishwa pasipotarajiwa, vituo havipo. Ufunguo ulipatikana kwa kuisoma kwa sauti. Maandishi yaliyodhaniwa mabovu yalikuwa yanangoja mdomo. Safari ya KMRU imekwenda upande wa pili: alipokea sauti akaitoa nje ya lugha. Haidhuru kwamba yeye ni mtunzi na si mwanaisimu. Swali ni iwapo baada ya kuisikiliza kazi yake mtu anatamani kwenda kutafuta maneno yaliyozama. Pale mvumo unapopungua na sauti moja ikaachwa karibu peke yake, jibu ni ndiyo, na hizo ndizo dakika bora za albamu. Pale kila kitu kinapokuwa wingu, hapana.

Yafaa kukumbuka pia kwamba sauti za Katanga na Nairobi zilijuana bila kupitia Bruxelles. Hugh Tracey alipomnasa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, aliandika jina la mpiga gitaa, na jina hilo likasafiri. Gitaa la Katanga lilisikika Kenya, Mwenda mwenyewe akafika Nairobi, na vidole vya wapiga gitaa wengi wa huko vikajifunza kwake. Kizazi cha babu yake KMRU kilianza muziki katika hewa hiyo. Hivyo kijana wa Nairobi anapoingia hifadhi ya Tervuren anagusa urithi ambao kwa sehemu ulikwisha kuvuka Tanganyika kwa miguu yake wenyewe, ukiwa na jina, maneno na malipo, hata kama malipo yalikuwa haba.

Mwaka 2024 ilitoka Temporary Stored II, kwa lebo yake mwenyewe, OFNOT. Safari hii aliwaalika wengine wajibu hifadhi hiyo pamoja naye: Aho Ssan, Lamin Fofana, Jessica Ekomane na Mkenya mwenzake Nyokabi Kariũki. Wazo la kuwaita wengi ni zuri kuliko la mtu mmoja kubeba sauti za watu wasiohesabika, na vipande kadhaa vina ujasiri. Ila orodha ya majina inashangaza kwa lisilokuwemo. Katika mazungumzo juu ya rafu ambazo sehemu yake kubwa ni ya Kongo, Mkongomani hakuketi. Si kwamba Kongo haina wajuzi wa sauti chafu na umeme. Konono N°1 wa Kinshasa waliishangaza dunia mwaka 2004 kwa likembe zilizopazwa kwa vipuri vya magari. Umoja wa Waafrika walioko Ulaya ni jambo tukufu, lakini unapozungumzia mali ya mtu mahsusi haupaswi kuchukua kiti chake. Kasoro hii ni kubwa kuliko yoyote ya kimuziki, na inasikitisha zaidi kwa kuwa kazi yenyewe inahusu watu kuzungumziwa wakiwa hawapo.

Kati ya juzuu hizo mbili KMRU alitoa kazi ambayo, kwa fikra, ndiyo hatua yake ya mbali zaidi: Dissolution Grip ya mwaka 2023. Humo hakutumia hata rekodi moja aliyoinasa nje. Alitazama michoro ya mawimbi ya rekodi hizo na kuitumia kama nota, kisha akaipiga kwa sintesaiza. Kilichobaki cha mahali ni umbo lake. Ukiisikia bila kujua historia hiyo ni mvumo mzito, unaozidi kujaa hadi kifua kitetemeke. Ukiijua, ni mtu aliyeamua kuacha kuchukua. Baada ya Tervuren uamuzi huo una uzito wa kimaadili hata kama chanzo chake kilikuwa masomo ya chuo. Aidha, unaonyesha kwamba kuyeyusha sauti ya upepo na kuyeyusha sauti ya mwimbaji si tendo moja: upepo hauna jina la kupotezwa.

Natur ya mwaka 2024, kipande kimoja cha takriban dakika hamsini na mbili, imejengwa juu ya sauti za umeme usiosikika kwa sikio tupu, zinazonaswa kwa maikrofoni ya sumaku. Mtunzi aliyekulia Nairobi, ambako usiku una wadudu na mbwa na watu, alikuta Berlin usiku ulionyamaza. Akagundua kwamba ukimya ule umejaa mitambo. Msikilizaji wa Lubumbashi ataisikiliza kwa namna yake. Anaishi katika ukanda unaolishwa na njia ya umeme ya Inga-Shaba, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,700, na kwake mngurumo wa nyaya ni habari njema inayokatika jioni bila taarifa. Kwa yeye giza la Natur linatoka katika umeme uliopo, na giza la nyumbani katika umeme uliokwenda.

Mwaka huo huo, katika Disconnect aliyoitunga na Kevin Richard Martin wa Uingereza, mtu huyu asiye na neno hatimaye alisema. Sauti yake imo, ya chini, ikizungumza kwa Kiingereza badala ya Kikuyu cha babu au Kiswahili cha mitaa ya Kariokor. Na kipande kimoja kinaitwa Arkives, neno la hifadhi lililopindwa herufi. Martin ameizungushia besi nene na mwangwi kiasi kwamba maneno yanafika nusu nusu, mengine yakimezwa kabla ya kukamilika. Amejitendea, kwa ridhaa yake, lile ambalo waimbaji wa Tervuren walitendewa bila kuulizwa, na msikilizaji anayetaka kumwelewa hana budi kurudisha nyuma na kusikiliza tena, kalamu mkononi, akijaribu kuandika alichosema.